Mila inaposema kwa sauti ya mama: tamthilia nne kwa anayetafuta ya kuigiza

Kila mwaka, Januari ikielekea ukingoni, naanza kupokea ujumbe wa aina moja. Mara ni mwalimu mlezi wa klabu ya maigizo, mara ni dada wa kikundi cha kina mama, wote wanatafuta tamthilia ya Machi 8, Siku ya Wanawake Duniani. "Mwalimu, nitafutie yenye mwanamke ngangari, mwishoni ashinde." Zipo, tena nyingi, na baadhi zimeandikwa vizuri. Ila nimeona hadhira ikipiga vigelegele kwa ushindi wa namna hiyo, ikausahau kabla viti havijarudishwa madarasani. Zilizowafanya watu wabaki getini wakibishana ni zile ambazo hakuna aliyetoka salama.

Ninazozitaja mara nyingi ni nne: The Lion and the Jewel ya Wole Soyinka wa Nigeria, Wedlock of the Gods ya Zulu Sofola, naye Mnigeria, Anowa ya Ama Ata Aidoo wa Ghana, na Nguzo Mama ya Penina Muhando wa Tanzania. Tatu za mwanzo ziliandikwa kwa Kiingereza, ya nne kwa Kiswahili, na hilo peke yake laweza kukuamulia. Lakini usikimbilie huko kwanza.

Tazama fimbo imeshikwa na nani

Wengi huchagua wakidhani pambano ni la mwanamke na mwanamume. Ni kweli kwamba katika hizi nne mwanamume ndiye mfaidi: mke mpya ni wake, mali ni ya ukoo wake, neno la mwisho ni lake. Lakini ile kazi ya kila siku ya kuilinda mila, kumwandama binti, kumkanya, kumkagua tumbo, kumkumbusha mahari iliyokwisha kuliwa, wameachiwa wanawake. Kwa Soyinka ni mke mkubwa. Kwa Aidoo ni mama mzazi. Kwa Sofola ni mama mkwe, na mama mzazi yupo nyuma yake. Kwa Muhando ni wanawake wenyewe kwa wenyewe, pamoja na ndugu wa mume wanaofika msibani na macho yao yako kwenye vyombo.

Basi swali langu la kwanza kwa anayechagua huwa hili: hadhira yako inaishi na yupi kati ya hao? Wasichana wa bweni wanamjua mama mzazi. Wanawake wa kikundi cha kuweka na kukopa wanamjua mama mkwe na mawifi kuliko unavyoweza kuwafundisha. Ukiwapelekea mama asiye wao, watakaa kimya kwa heshima, wapige makofi, waende zao.

Kicheko cha Ilujinle

The Lion and the Jewel iliigizwa mara ya kwanza Ibadan mwaka 1959, ikachapishwa 1963. Ndiyo rahisi kupendwa. Sidi ni mrembo wa kijiji cha Ilujinle ambaye picha zake zimetoka kwenye jarida kubwa la mjini, na kichwa kimemvimba. Mwalimu Lakunle anamtaka lakini hataki kutoa mahari kwa kuwa ni ushenzi. Bale Baroka, mtawala wa kijiji mwenye miaka 62, naye anamtaka, na anamtuma mke wake mkubwa, Sadiku, akambembeleze. Sidi anakataa. Hapo mzee anamnong'oneza Sadiku siri ya uongo, kwamba nguvu za kiume zimemwishia. Sadiku anacheza kwa furaha kuizunguka sanamu ya Bale, akiona wanawake hatimaye wamemshinda simba. Sidi anakwenda nyumbani kwa mzee kumcheka, anatoka huko akiwa si bikira tena, na mwishoni anaolewa naye.

Kinachonifanya niipendekeze ni Lakunle. Ukimsikiliza haraka utadhani ndiye mtetezi wa wanawake: hataki mahari, hataki mwanamke abebe ndoo kichwani, anataka mke wa kukaa naye meza moja. Kisha huyo huyo anamwambia Sidi kwamba sayansi imeonyesha ubongo wa mwanamke ni mdogo kuliko wa mwanamume. Kwa klabu ya sekondari, yenye wavulana wanaojiona wa kisasa, sijaona kioo kizuri kuliko hicho. Usasa wake ni wa shati na maneno aliyoyakariri, na mahari yenyewe, ukimchunguza, huenda anaikataa kwa kuwa hana.

Kinachonitia wasiwasi ni kicheko. Baroka amepewa maneno matamu, ujanja na mieleka, na hadhira hutoka ikiwa upande wake. Wapo wasomaji wanaoona Soyinka anamshangilia mzee, na wapo wanaoona anatucheka sote. Mimi naona jibu lipo mikononi mwa mwelekezaji, katika tukio moja tu: Sidi anaporudi akikimbia, analia, anajitupa chini. Ukiliharakisha ili ufikie ngoma ya arusi, umeigiza hadithi ya mzee hodari. Ukimwacha binti alie mpaka watu waache kucheka, umeigiza tamthilia nyingine kabisa, bila kubadili neno hata moja. Kama huna mwelekezaji wa kulibeba hilo, au huna nusu saa ya mjadala baada ya onyesho, achana nayo, hata kama vijana wanaililia.

Naye Sadiku asipite hivi hivi. Alikuwa mke mdogo wa Bale aliyetangulia, na kwa mila ya pale, mtawala mpya akamrithi na kumfanya mke wake mkubwa. Yaani mwanamke anayetumwa kumshawishi binti aingie nyumba hiyo ni yule aliyeingia humo kama sehemu ya mirathi. Soyinka halipigii kelele jambo hilo, na waigizaji wengi hulipita. Mwambieni anayemcheza Sadiku alijue kabla hajaanza kucheza ile ngoma ya ushindi, maana ngoma hiyo ni yake kabla ya kuwa ya Sidi.

Wajane, mahari na pesa: Ogwoma na Anowa

Hapa ndipo watu hukwama, kwa sababu Wedlock of the Gods (1972) na Anowa (1970) kwa mbali zinafanana. Zote mbili zina binti anayempenda mwanamume wake mwenyewe, zina wazazi wanaokataa, na zinaishia kwa vifo. Ukizisoma kwa karibu utaona zinajibu maswali mawili tofauti.

Ogwoma wa Sofola alimpenda Uloko. Kaka yake akaugua, matibabu yakahitaji fedha, na wazazi wakamwoza kwa Adigwu ili mahari ilipie uganga. Adigwu akafa. Mila inamtaka mjane akae matanga ya miezi mitatu, kisha arithiwe na ndugu wa marehemu. Ogwoma hakungoja. Matanga hayajaisha, ana mimba ya Uloko. Odibei, mama wa marehemu, anaamini kwamba mkwe wake ndiye aliyemuua mwanawe ili ampate mpenzi wake, na anaapa kulipiza. Anatumia dawa hadi Ogwoma, akili zikiwa zimemtoka, anakunywa sumu kwa mkono wake mwenyewe. Uloko anamuua Odibei, kisha naye anakunywa.

Nguvu ya tamthilia hii ni kwamba hakuna mtu mwepesi wa kumchukia. Wazazi wa Ogwoma walikuwa na mtoto wa kiume anayekufa na binti mwenye thamani ya mahari. Wewe ungefanyaje? Odibei si mchawi wa katuni. Ni mama aliyezika mwana, na sasa anamwona mkwe wake tumbo limejaa kabla kaburi halijakauka. Mwelekezaji akimfanya zimwi la kutishia watoto, ameua tamthilia nzima. Na mila yenyewe, ukiitazama, inaendeshwa na hesabu: ng'ombe au fedha zilitoka, mwanamke aliingia, mume amekufa, fedha haziwezi kurudi, basi mwanamke abaki. Wasikilizaji wa kwetu hawahitaji kufafanuliwa. Kanuni za sheria ya mila zilizotangazwa Tanganyika mwaka 1963 kwa jamii zinazofuata ukoo wa baba hazikumpa mjane fungu katika mali ya mumewe iwapo marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake. Mwanamke aliyepitia hayo hana haja ya kuambiwa Ogwoma ni mtu wa Nigeria.

Anowa anaanzia pengine. Tupo Pwani ya Dhahabu, Ghana ya leo, katika miaka ya 1870, kwa Wafante, ambao ukoo wao hufuata upande wa mama. Hapo ndipo wasomaji wengi huteleza, wakidhani mama Badua anamtaka Anowa aolewe ili awe mtumwa wa mume. Badua anataka wajukuu, kwa sababu ukoo wake unaendelezwa na binti, hauendelezwi na mwana wa kiume. Waluguru na Wakaguru wa Morogoro, ambao nao huhesabu ukoo kwa mama, humwelewa Badua haraka kuliko wengine wote. Baba yake Anowa, Osam, ndiye aliyewahi kusema binti huyu angepelekwa kufunzwa ukuhani. Mama akakataa, mwanawe awe mke kama wengine. Anowa akawakataa wachumba wote, akamchagua Kofi Ako mwenyewe, akaondoka nyumbani akiapa kutorudi.

Kama Aidoo angeishia hapo, tungekuwa na ile tamthilia ya ushindi wanayoniomba watu kila Januari. Yeye anaendelea. Mume na mke wanafanya biashara ya ngozi na Waingereza, Anowa akibeba mzigo begani kama mwenzake. Kofi Ako anataka kununua watumwa wa kuwasaidia kubeba. Anowa anakataa katakata, kwani tangu utotoni, bibi yake alipomsimulia majumba makubwa ya pwani na watu waliouzwa humo, jambo hilo halijamtoka. Kofi Ako ananunua. Mali inaongezeka, jumba linajengwa Oguaa, yaani Cape Coast, picha ya Malkia Victoria inaning'inia ukutani, na Anowa anatembea humo pekupeku na nguo zake kuukuu, bila mtoto, bila kazi, mke wa tajiri asiyejua awe nani. Mume anamwambia aondoke bila kumpa sababu. Anowa anadai sababu, na asipopewa anaitamka mwenyewe mbele ya watu wa nyumba: mume ndiye asiyeweza. Kofi Ako anajipiga risasi. Anowa anakwenda kujitosa majini.

Sasa linganisha. Ogwoma anauawa na mila aliyoivunja. Anowa aliikimbia mila ya nyumbani, akafika mahali pasipo mama wala wazee, na akakuta mwanamume aliyemchagua mwenyewe amekuwa bwana kwa njia nyingine, kwa fedha na kwa miili ya watu. Mfumo dume ulimfuata ukiwa umevaa suti. Wapo wanaoniambia, "Hizo mila zimekwisha, sisi wa mjini tunachaguana." Hao ndio nawapa Anowa. Kikundi cha wanawake waliosoma, wenye mishahara yao, wanaosimamia biashara ambayo hati yake ina jina la mume peke yake, hawatachoka kuizungumza.

Lakini ni ngumu. Miaka inaruka, maisha yanabadilika kutoka kibanda cha njiani hadi jumba, na kuna mzee na bibi kizee wanaokuja kuzungumza na hadhira kuhusu mambo yote hayo, kila mmoja na lake. Anayemcheza Anowa anazeeka mbele ya macho yetu. Sijaona msichana wa kidato cha tatu aliyeubeba ukurasa wa mwisho. Wedlock of the Gods inachezwa karibu na nyumba mbili tatu za kijiji kimoja, wahusika wachache, mambo yanakwenda mbio. Kikundi chenye mwezi mmoja wa mazoezi kitaimudu, Anowa itawashinda.

Jambo la pembeni kidogo, kwa sababu huulizwa: je, kwa kuwa Sofola ni mwanamke, na ndiye mwanamke wa mwanzo Nigeria kuchapisha tamthilia, basi msimamo wake ni wa kifeministi? Soma The Sweet Trap yake (1977). Clara, mke msomi wa Ibadan, anang'ang'ania sherehe yake ya kuzaliwa dhidi ya amri ya mume, sherehe inaharibika, na mwishoni anapiga magoti kuomba radhi. Wapo wanaoisoma kama kejeli. Mimi naona Sofola alikuwa na mashaka ya kweli na ufeministi uliokuja na vyeti vya Ulaya, na aliamini mwanamke wa kijijini alikuwa na nafasi ambayo msomi ameipoteza. Aidoo alikuwa upande mwingine. Alisema waziwazi kwamba kila mwanamke na kila mwanamume anapaswa kuwa mfeministi, hasa kama anaamini kwamba Waafrika wanapaswa kuishika wenyewe ardhi yao, mali yao na maisha yao. Jina la mwandishi wa kike kwenye jalada halikuhakikishii msimamo. Kikundi kilichowahi kuniomba "kitu chochote cha mwandishi mwanamke" kingeweza kuangukia magoti ya Clara siku yenyewe ya Machi 8.

Nguzo isiyosimama

Nguzo Mama ilichapishwa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1982, katikati ya muongo ambao Umoja wa Mataifa ulikuwa umeutangaza wa wanawake. Kijiji kinaitwa Patata. Wanawake, ambao wamepewa majina ya namba, wanajaribu kuisimamisha nguzo. Kamba ipo, nguzo ipo, watu wapo. Lakini kila wakivuta kinatokea kitu: ulevi na kipigo cha waume, biashara ndogo isiyoweza kuachwa, umbea, wivu wa mwenye elimu na asiye nayo, na mwenzao aliyefiwa na mume ambaye ndugu wa marehemu wanakuja kusomba kila kitu. Bi Msimulizi anaisimulia hadithi kwa nyimbo, na Chizi yumo humo akitia maneno ambayo wenye akili timamu wanayaogopa.

Kisanaa, Muhando ndiye aliyekwenda mbali na jukwaa la kizungu kuliko wenzake wote watatu. Hamna sebule wala mlango wa kuingilia. Kuna mtambaji, ngoma, kiitikio, na hadhira inayoweza kuvutwa kushika kamba. Unaweza kuiigiza chini ya mwembe kwa kamba halisi na gogo. Wanaume wakikaa pembeni wakicheka, nao wamekwisha kuwa wahusika.

Udhaifu wake? Wahusika ni wa mfano zaidi kuliko watu. Huwezi kumlilia Bi Pili kama unavyomlilia Ogwoma. Na ipo hatari ya mwanamume mmoja kusimama mwishoni akasema, "Mmeona? Wanawake hawapendani." Nimemsikia huyo zaidi ya mara moja. Mwandishi ameonyesha wazi nani anayewavuta wanawake waiache kamba: mume mlevi, watoto wenye njaa, ukoo unaosomba mali. Umbea ni sehemu tu. Anayeongoza mjadala alishike hilo kabla hajanyang'anywa kipaza sauti.

Anayetaka jambo la mjane kwa Kiswahili, lakini kwa wahusika wenye damu, atazame Natala ya Kithaka wa Mberia (1997), ambamo mjane anamkatalia shemeji anayetaka kumrithi yeye pamoja na shamba. Wakenya nao hawaachi kuniuliza kuhusu Kigogo ya Pauline Kea. Ni nzuri, na Tunu ndiye shujaa hasa wanayemtafuta, ila pambano lake ni na utawala wa Majoka kuliko mila za nyumbani. Ukiiweka na hizi nne utakuwa unapima unga kwa lita.

Ukibanwa na muda

Nikibanwa nijibu kwa pumzi moja, husema hivi. Kikundi cha kijijini au cha mtaani, wa kuigiza wengi na hadhira ya kila rika, chukueni Nguzo Mama. Klabu ya sekondari yenye mwalimu jasiri, The Lion and the Jewel, na mjadala msiuache. Kikundi cha watu wazima ambao nusu yao wamekaa eda au matanga wakihesabiwa siku na mawifi, Wedlock of the Gods. Anowa iwe ya kusomwa kwa sauti kwanza, watu wameketi duara, kila mmoja na nafasi yake, jioni mbili au tatu. Kisha mwone kama mna mtu wa kuibeba jukwaani.

Msichague kwa kuhesabu wasichana na wavulana mlionao. Wanawake wakicheza wanaume katika Wedlock of the Gods, hesabu ya mahari huwa chungu zaidi wanapoitamka wao. Na kwa hizo tatu za Kiingereza, msiamue kuzitafsiri na kuzionyesha kwa kiingilio bila kibali cha mwenye haki. Mwandikieni mchapishaji mapema, majibu huchelewa.

Jambo la mwisho ni mgawo wa nafasi, maana ndipo kikundi kimoja nilichokisaidia kilipotaka kuvunjika. Walichagua Sofola. Wote walimtaka Ogwoma, wawili wakamkubali mama yake, na Odibei akakosa mtu. "Mimi nikamlilie mtoto wa kiume hivyo, halafu niue mke wake?" Kitabu kikazunguka mara mbili. Mwishowe alikichukua mama mmoja wa makamo ambaye hadi siku hiyo kazi yake ilikuwa kuweka akiba ya kikundi. Alisoma hotuba ya kwanza ya Odibei polepole, akafunga kitabu, akasema, "Huyu namjua," kisha akauliza mazoezi yanaanza saa ngapi.